Tundu la Slagi

Kila asubuhi mama alipanga meza kwa namna moja. Kikombe cha chai kulia, kishikio kikielekea dirishani. Mkate kushoto. Kopo la sukari katikati, kifuniko kimeshaondolewa, kijiko kimesimama ndani. Baba aliketi, akanyoosha mkono na kupata kila alichotaka bila kuinamisha uso, huku akizungumza na watu wa nyumbani kana kwamba macho yake yana shughuli kubwa zaidi kuliko kutazama chai. Watoto walikua wakidhani ni ubwana tu. Mama aliwaacha wadhani hivyo.

Asubuhi hiyo binti yao mkubwa alichelewa kuondoka. Kwa kawaida saa hiyo huwa ameshafika maabara ya kiwanda, amevaa koti lake jeupe. Aliona meza imebanana, akasogeza kikombe kidogo apate pa kuweka mkoba. Hakufikiri lolote. Baba akanyoosha mkono pale kikombe kilipozoea kukaa, akashika hewa. Akaupeleka mkono mbele, taratibu, vidole vimekunjuliwa, vikaingia moja kwa moja ndani ya chai ya moto.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno, akauficha mkono chini ya meza.

"Nani kagusa kikombe changu?"

"Ni mimi, Baba. Samahani."

"Vitu vya mezani viacheni vilivyo. Nyumba haiwezi kuwa kila siku mnahama."

Binti alimtazama mama yake, akitarajia kukaripiwa na yeye pia. Mama alisimama na birika mkononi. Usoni hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Kabla mtu hajasema neno jingine, mlango uligongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja, na huo ndio ulikuwa uingiaji wa mjomba tangu alipopewa nyumba ya pili kutoka yao.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, mtu wa maneno mengi, na alifanya kazi kundi moja na baba. Siku zote aliingia na mzaha. Siku hiyo mzaha wake ulikuwa umelegea.

"Dada, nimiminie chai. Huenda ndiyo ya mwisho kuinywa nikiwa mtu mwenye kazi."

"Umeanza," mama akasema, lakini akammiminia.

"Sijaanza mimi, kaanza Meneja. Kaniita alfajiri. Kanisimamisha mlangoni, ndani sikuingia, eti viatu vyangu vitachafua zulia. Tumezungumza hivyo, yeye kakaa, mimi nimeshika mwimo wa mlango kama mtu aliyekuja kuomba maji."

"Kasema nini?" baba akauliza.

"Kasema ile slagi ya jana ipimwe maabara leo hii. Ikionekana ilikuwa nzito, basi lawama ni ya tanuru na mawe yaliyoletwa, hakuna mtu wa kuulizwa. Ikionekana ilikuwa nyepesi, inatiririka vizuri, basi mfunga tundu alilala kazini. Na mfunga tundu," mjomba akajigonga kifua kwa kijiko, "ndiye huyu."

Jana hiyo kila mtu mtaani aliijua. Shaba ikiyeyuka tanuruni hutua chini, nzito, na uchafu wote wa mawe huelea juu yake. Uchafu huo ndio slagi. Ina tundu lake, juu kidogo ya tundu la shaba, na kazi ya kundi la baba ilikuwa kulifungua tundu hilo, kuiacha slagi itoke, kisha kuliziba kwa udongo kabla shaba haijafika. Zamani slagi ilimiminwa katika vyungu vikubwa vya chuma na kwenda kumwagwa jaani. Tangu mwanzo wa mwaka kiwanda kilikuwa kimejenga mfereji unaoiteremsha kwenye maji yanayosukumwa kwa pampu, ipoe papo hapo na kuwa mchanga mweusi. Slagi ikiingia majini hufoka tu. Shaba ikiingia majini hulipuka. Jana mchana, katika zamu ya baba, maji yalikuwa yamelipuka, na mfungulia maji alikuwa amelazwa zahanati, shingo yote imeungua.

Baba ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi. Walimwita Kapteni. Yeye ndiye aliyesimama kando ya mfereji kutazama rangi ya kinachotoka, na yeye peke yake ndiye aliyesema "Funga!" Hakuna mfunga tundu aliyewahi kuziba kabla ya sauti ya Kapteni. Ukiziba mapema slagi inabaki ndani, tanuru linajaa, na zamu nzima inaharibika. Kwa hiyo walimwachia yeye.

"Ulimjibu nini Meneja?" baba akauliza.

"Nilimjibu ndiyo, bwana. Ningemjibu nini?"

"Na jana uliona nini?"

Mjomba alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Niliona imeng'aa, shemeji. Nikasubiri sauti."

Hakuna aliyeuliza sauti ipi. Nje, honi ya kiwanda ililia ya zamu ya asubuhi, na binti akachukua mkoba wake akatoka bila kumaliza mkate.

&nbsp;

Maabarani walimtegemea kwa sababu alikuwa na mkono mtulivu. Alilikata jiwe la slagi kwa msumeno wenye maji, akalizamisha katika gundi inayokauka kuwa ngumu kama kioo, akalisugua juu ya nguo laini, kisha laini zaidi, hadi akaona taa ya darini ndani yake. Halafu akaliweka chini ya hadubini.

Chuoni alikuwa amefundishwa kwamba shaba hupotea ndani ya slagi kwa njia zinazojulikana. Kuna ile iliyoyeyuka kabisa ikaingia katika kioo cha slagi, ambayo haionekani wala haizuiliki. Kuna vitone vidogo sana vilivyokuwa njiani kushuka, vikanaswa. Vinanaswa hasa slagi inapokuwa na magnetaiti nyingi, chuma kile cheusi kinachokamata sumaku, kwa sababu magnetaiti huifanya slagi iwe nzito kama uji uliolala, na kitone hakiwezi kuupenya. Alipenda kuitazama. Fuwele zake zilionekana kama misalaba midogo ya kijivu kilichofifia, zimetawanyika kati ya mistari mirefu ya madini mengine iliyolala kama nyasi kavu.

Alianza na slagi ya zamu ya asubuhi ya jana. Nyasi, kioo, misalaba michache, vitone vidogo mno hapa na pale. Kawaida. Akaweka ya zamu ya usiku. Kawaida pia. Akaweka ya zamu ya baba yake.

Misalaba ilikuwa michache vilevile. Nyasi zilikuwa zilezile. Slagi haikuwa nzito hata kidogo. Lakini katikati ya nyasi palikuwa na matone makubwa ya mviringo, ya rangi ya shaba iliyoingiwa na ubuluu, mengine yakijaza dirisha zima la hadubini. Hayakuwa yamenaswa. Kitone kilichonaswa ni kidogo, ndiyo maana kimenaswa. Haya yalikuwa ya shaba iliyofika mlangoni, ikakuta mlango wazi, ikatoka.

Aliinua uso, akaushusha tena. Akahamisha jiwe, akatafuta upande mwingine, kama mtu anayepekua mkoba kwa mara ya tatu akijua fedha haimo. Matone yalikuwa kila upande. Akachukua kopo la sampuli za wiki zilizopita, akachagua za zamu ya baba peke yake. Yalikuwemo humo pia, madogo zaidi, machache zaidi. Yalianza mwanzo wa mwaka. Zamu nyingine hazikuwa nayo.

"Haya, inasemaje?" Mkuu wa maabara alikuwa mwanamke mnene, wote walimwita Bi Mkubwa, na alitembea na miwani miwili, mmoja kichwani na mwingine kifuani, akitafuta wa tatu. "Meneja kanipigia mara mbili. Sauti yake imeshakuwa ya mtu anayetafuta wa kumla."

"Bado natazama, Bi Mkubwa."

"Najua mfunga tundu ni mjomba wako. Ndiyo maana nimekupa wewe uitazame, usije ukasema tulimwonea. Lakini slagi haina ndugu, binti. Ndiyo raha yake. Nzito au nyepesi?"

Neno lilikuwa moja tu. Akisema nzito, Bi Mkubwa angeandika nzito, Meneja angepiga kelele kidogo kuhusu mawe, na leo mchana mjomba angesimama penye tundu lake kama kawaida. Na baba angesimama kando ya mfereji.

"Naomba nikachukue sampuli nyingine mchana, wakifungua tundu," akasema, sauti imeshuka hadi Bi Mkubwa akalazimika kuinama. "Nataka niwe na hakika."

"Hii haina hakika?"

"Inayo. Lakini naomba."

Bi Mkubwa alimtazama kwa miwani ya kifuani, kisha kwa ya kichwani. "Kabla Meneja hajaenda kwake nataka jibu. La maneno tu, kalamu yangu nitaitafuta mwenyewe."

&nbsp;

Nyumba zao zilikuwa nyuma ya ukuta wa kiwanda, safu kwa safu, zote za rangi moja na zote mali ya kiwanda. Binti alirudi saa ya chakula. Alimkuta mama uani akianua nguo za kazi za baba, zilizokauka zikawa ngumu kama mbao.

"Mama, Baba anaona?"

Mama aliendelea kukunja suruali. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Swali gani hilo la kumuuliza mtu juani."

"Aliingiza mkono kwenye chai."

"Wewe ulihamisha kikombe."

"Mama."

Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo umbali mrefu na ghafla kaambiwa anaweza kuutua, lakini hajui wapi.

"Ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Ule moto, mwanangu. Miaka yote ile anautazama." Alizungumza chini chini, akiangalia ukuta wa jirani. "Mchana anaona weupe, kama mtu aliyefunikwa shuka. Watu anawaona kama vivuli. Mimi hapa nyumbani nampangia. Mjomba wako njiani anatangulia, yeye anafuata. Watu wanasema wanavyopendana mashemeji hawa!" Alicheka kidogo, na kicheko kikakatika. "Kutibiwa kunatibika. Lakini zahanati ni ya kiwanda. Daktari akimwangalia tu, anaandika hafai. Akishaandikwa hafai, mwisho wa mwezi tunatoa vitanda nje. Mdogo wako ana mitihani. Tukasema angalau amalize."

"Sasa kule tanuruni anajuaje cha kufanya?"

"Kwa masikio. Anasema slagi inajiburuza na shaba inakimbia, sauti zake ni mbali kabisa. Mjomba wako anamwamini. Anasema huyu mtu anaisikia shaba ikigeuka. Na kweli, imewahi kutokea kosa? Haijawahi."

"Mpaka walipoleta pampu ya maji."

Mama aliilaza suruali mapajani, akainyoosha mikunjo.

"Ile pampu inanguruma, Mama. Mtu aliye karibu nawe humsikii. Hawezi kusikia kitu pale. Tangu mwanzo wa mwaka shaba inatoka na slagi kidogo kidogo, nimeiona kwa macho yangu. Jana ndiyo ikatoka nyingi."

"Umewaambia?"

"Sijawaambia."

"Basi sema ilikuwa nzito." Mama alimshika kifundo cha mkono. "Nani atakuja kuangalia ndani ya hadubini yako? Sema nzito. Mjomba anabaki, baba yako anabaki."

"Na wa maji? Leo kawekwa mwingine pale. Naye ana shingo."

Lile neno lilimchoma mama, kwa sababu asubuhi alikuwa amepitia nyumbani kwa yule aliyeungua, na mke wake alikuwa amempokea vizuri, amemshukuru, amemwita dada. Alirudi njia nzima akitazama chini.

"Sikiliza," akasema hatimaye, kwa haraka, kama mtu anayehofia wazo litamtoroka. "Wewe una ruhusa ya kwenda kule. Nenda leo ukasimame naye. Ukiona imegeuka, mguse kiwiko. Mguse tu, yeye atasema funga. Hakuna atakayejua. Mimi ni macho yake hapa, mjomba wako njiani. Umebaki wewe kule."

"Leo tu?"

"Leo. Kesho tutaona."

Binti alijua kwamba kesho ingekuwa kama leo, na keshokutwa pia. Alijua vilevile kwamba mama hajawahi kumwomba kitu akiwa ameketi juu ya ndoo.

"Nitamgusa," akasema.

&nbsp;

Walikwenda watatu. Mjomba mbele, na buti zake zenye kidole cha chuma kilichochubuka kikang'aa, baba nyuma yake, binti kando. Watu walimwamkia baba kutoka vibarazani na yeye akaitikia kila sauti kwa cheo chake. Hakukosea hata moja.

"Umetulia sana leo," baba akamwambia binti. "Hata kwa kipimo chako."

"Baba, kule juu..."

Alikuwa ameiandaa sentensi tangu uani. Kule juu usisikilize, nitakugusa. Ilikuwa fupi. Lakini kuisema kulikuwa sawa na kumvua baba yake nguo njiani, watu wakiangalia.

"Kule juu kuna nini?"

"Kuna joto."

Baba alicheka kweli. "Umesoma miaka mitatu kuja kunieleza hilo? Shemeji, umemsikia mpwa wako?"

"Nimemsikia," mjomba akasema bila kugeuka. "Muulize pia kama maji yanalowesha." Lakini mabega yake yalikuwa yameinuka hadi masikioni, na hakucheka.

Jukwaa la tundu la slagi lilikuwa pana kama chumba, la vyuma, limewekewa chuma cha kushikia upande mmoja tu. Chini yake mfereji uliteremka hadi kwenye maji, na pampu ilinguruma bila kupumzika, ngurumo inayoingia mtu kwenye meno. Mfungulia maji mpya alikuwa amesimama kule chini, kijana mwenye mke mjamzito, ambaye asubuhi alikuwa ametania kwamba shingo yake ni fupi, haitaonekana. Juu, nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, Meneja alikuwa amekuja kuangalia mwenyewe, mikono nyuma.

Binti alichukua kijiko chake kirefu cha sampuli akaenda upande wa baba. Mkono ukatokea mbele yake.

"Dada, nyuma ya mstari." Alikuwa askari wa usalama, na mstari wa njano ulikuwa mbichi, umepakwa asubuhi hiyo.

"Mimi ni wa maabara. Nachukua sampuli."

"Sampuli utaletewa. Amri mpya, wasio wa kundi wote nyuma. Jana mtu kaungua."

"Naomba nisimame karibu na Kapteni tu. Sitagusa kitu."

"Kapteni ni baba yako, najua. Hata angekuwa baba yangu mimi." Hakuwa mtu mbaya. Alimsogeza kwa kiganja wazi, taratibu, mpaka visigino vyake vikawa ng'ambo ya rangi. Kutoka pale hadi kwenye kiwiko cha baba yake palikuwa na nafasi ya kulaza kitanda na kuzunguka. Angeweza kumwambia askari kwa nini anataka kukaribia. Badala yake alikishika kijiko kwa mikono miwili.

Mjomba na mwenzake wakalitoboa tundu. Slagi ikatoka, nyekundu iliyokolea, nzito machoni, ikijivika ngozi inayopasuka na kujivika tena. Ikateremka mfereji ikaingia majini na maji yakafoka mvuke. Baba alisimama mahali pake, kioo cheusi kimefunika uso, kichwa kimeinama upande mmoja kidogo. Kila mtu aliona Kapteni anatazama kwa makini. Binti aliona mtu anayetega sikio.

Alikaza macho kwenye mfereji. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Kisha ngozi ya slagi ikaacha kujivika. Rangi ikapanda, kutoka wekundu hadi manjano, na kando moja ya mkondo ukatokea uzi mwembamba uliong'aa, ukikimbia mbio kuliko mwingine wote, kama maji yaliyopata njia chini ya matope. Ukanenepa. Mjomba aliuona. Akanyanyua fimbo yake ndefu yenye donge la udongo, akailekeza kwenye tundu, akageuza uso kumtazama Kapteni, akasubiri.

Kapteni hakusema kitu.

Binti alinyoosha mkono, kwa upumbavu, kana kwamba ungefika. Akamtazama askari, akamtazama Meneja nyuma ya kioo, akamtazama yule kijana kule chini aliyekuwa amegeuka kurekebisha bomba. Akipiga kelele, kila mtu atauliza kwa nini msichana wa maabara aliyesimama mbali kaona, na Kapteni aliye karibu hakuona. Hakuna jibu la swali hilo ila moja.

"Fungeni!"

Pampu iliimeza sauti yake. Akajaza kifua.

"Mjomba! Funga! Inatoka shaba, funga!"

Mjomba alisikia. Alimtazama yeye, akautazama ule uzi mnene, akamtazama tena Kapteni, na fimbo ikabaki hewani. Haikuwa sauti inayofunga tundu. Miaka yote mikono yake ilikuwa imefunzwa sauti moja.

Baba naye alikuwa amesikia. Kichwa kiliinuka. Kwa kitambo kidogo alisimama hivyo, katikati ya ngurumo asiyoweza kuona kitu ndani yake, akiwa na sauti ya mtoto wake peke yake.

"Funga!" akanguruma. "Shemeji, funga!"

Donge likaingia tundu, mjomba akalisukuma kwa uzito wake wote. Mkondo ukakatika. Lakini kilichokwisha kutoka kilikuwa kimeshatoka, na kikafika majini. Mlio wake haukuwa mkubwa kama wa jana, ulikuwa kama bati kubwa lililoangushwa. Maji yakaruka ukutani pamoja na punje nyeusi za moto. Yule kijana alikuwa amegeuka kwa kelele, akajitupa nyuma ya nguzo. Alipotokea alikuwa amelowa, anapapasa shingo yake pande zote mbili, na ilikuwa nzima.

&nbsp;

Meneja aliteremka ngazi kwa haraka kuliko alivyotaka waone. Mtu mmoja akazima pampu, na ukimya ukaja ghafla, mzito, watu wakawa wanasikia pumzi zao.

"Nani alianza kutoa amri? Nimeona mtu kapiga kelele kabla ya Kapteni."

Binti akasema, "Ni..."

"Bwana Meneja," mjomba akaingilia, bado ameshika fimbo, jasho linamtiririka hadi kidevuni, "nilichelewa. Leo na jana. Niliona nikazubaa. Niandike tu, yaishe, watu warudi kazini."

"Sitakuandika tu, utaondoka hapa sasa hivi. Mtu analipuliwa, wewe umesimama na fimbo kama mchunga mbuzi. Toa hiyo kofia, si yako."

Mjomba akaanza kufungua ugwe wa kofia. Ugwe ukakwama chini ya kidevu, na Meneja akasimama akisubiri huku watu wa kundi wakitazama sakafu ya chuma. Mjomba akajaribu kucheka. "Imenipenda," akasema. Hakuna aliyecheka naye.

"Shemeji, iache kofia kichwani," baba akasema.

"Kapteni, hili si lako," Meneja akasema. "Au niulize wewe? Ulikuwa karibu kuliko wote. Shaba ilipoanza kutoka, uliiona?"

Baba alivua kile kioo cheusi. Bila kioo uso wake ulikuwa umechoka, na katikati ya macho palikuwa na weupe hafifu ambao kila mmoja pale alikuwa amewahi kuuona na kudhani ni mng'ao wa moto. Binti alivuka mstari. Askari hakumzuia. Alifika hadi mahali ambapo angeweza kumgusa kiwiko, kama alivyoahidi uani, na hakumgusa. Kama angemgusa sasa, baba yake angesema ndiyo, niliiona, na angejua namna ya kulisema hadi likaaminika, na mjomba angeshuka ngazi ile kichwa wazi.

"Kapteni, nakuuliza. Uliiona au hukuiona?"

Baba aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Alikosea kidogo, akamtazama askari badala ya Meneja, na askari, kwa aibu ambayo hakujua ni ya nani, akarudi hatua moja nyuma.

"Sioni," baba akasema.

"Hukuiona?"

"Sioni, bwana. Shaba siioni, tundu silioni, na wewe unayeniuliza sikuoni. Aliyeiona ni binti yangu. Na huyu shemeji yangu hajachelewa, jana wala leo. Alikuwa anasubiri amri ya mtu asiyeona."